Afande wa Trei za Plastiki

Kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu wavue mishipi. Naieleza hivyo kwa sababu nikisema nilikuwa katika usalama wa anga, watu hunitazama kana kwamba niliwahi kuidungua ndege ya adui. Nilikuwa mkaguzi wa abiria katika kiwanja kidogo cha ndege upande wa Eldoret, nimeajiriwa na kampuni binafsi ya ulinzi ambayo jina lake halina maana hapa. Nilisimama kando ya mashine ya eksirei, nikapanga trei za plastiki, nikawaomba watu watoe simu na funguo, kisha nikawapapasa wanawake walioliliwa na lango la kugundua chuma. Lango lile lililia sana kwa sababu ya sidiria zenye waya. Huo ndio ugaidi niliopambana nao kwa miaka minne.

Miaka mitatu ya kwanza tulivaa shati la samawati lililopauka, sweta ya kijivu na sketi nyeusi. Tulifanana na makarani wa chama cha ushirika cha maziwa. Nadhani ndiyo maana watu walituambia kila kitu. Mzee mmoja mkulima alikuja na panga lake jipya limefungwa kwa gazeti, akaniuliza kwa upole, "Msichana wangu, hii niweke wapi?" kama mgeni anayeuliza pa kuacha mwavuli. Mwanafunzi wa kutoka Kesses aliniambia ana mkasi, kisha akanieleza kwa nini nywele zake anazikata mwenyewe. Mama mwingine, kabla sijamuuliza lolote, alinitajia wembe kwenye pochi, dawa za presha, na kwamba mume wake hajui kama anasafiri. Ukaguzi ulikuwa mazungumzo. Mashine ilikuwepo kuthibitisha tu tuliyokwisha kuambiwa.

Halafu kampuni ikatuletea mkubwa mpya. Alikuwa amestaafu kutoka jeshi fulani ambalo hakulitaja, lakini alilitembea. Siku ya kwanza alitupanga mstari, akatukagua kuanzia viatu hadi nywele, akasikitika kwa sauti.

"Nyinyi mnaonekana kama watu wa kuuza tikiti za harambee," alisema. "Abiria hawaogopi. Mtu asipokuogopa, atakutii namna gani?"

Ningeweza kumwambia kwamba mzee wa panga alitutii vizuri sana, na akarudi wiki iliyofuata kutushukuru kwa kumtunzia. Lakini nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa, na mkubwa hakuwa na uso wa kuulizwa maswali.

Sare mpya ilifika katika maboksi baada ya mwezi. Rangi ya buluu iliyokolea, suruali yenye mifuko mapajani, buti za kufunga kamba hadi juu ya kifundo, na bereti. Mshipi ulikuwa mpana kama wa mnyanyua vyuma, una vifuko vya kuwekea pingu, kirungu, tochi na redio. Tuliletewa vifuko vyote. Vya kutia ndani hatukupewa hata kimoja. Mimi kifuko cha pingu nilikitia lipstiki, na cha kirungu kikanifaa kwa ndizi ya saa nne.

Tukafundishwa kazi upya. Miguu ipanuliwe kiasi, mikono iwe nyuma. Salamu ijibiwe kwa neno moja. Usitabasamu. Kutotabasamu katika baridi ya Eldoret saa kumi na mbili asubuhi si jambo linalohitaji mafunzo, lakini tulifunzwa siku mbili nzima na kupewa vyeti. Mwenzangu kijana wa zamu yetu alijitazama kwenye kioo cha choo mpaka nikamwonea aibu.

"Hii uniform imekubali," aliniambia. "Sasa hata landlord ataniheshimu."

Nilimcheka, kisha nikarudi nyumbani Yamumbi nimevaa yangu, ingawa tulikatazwa kutoka nayo. Nilisema nimechelewa kubadilisha. Uongo mtupu, nilitaka kuonekana.

Na nikaonekana. Pale stejini bodaboda watatu wasio na helmeti waliniona, wakageuza pikipiki kwa pamoja wakala kona. Mwenye bucha aliniongezea kipande cha maini bila kuombwa, akaniita afande. Jirani yangu, mama mmoja mchangamfu aliyekuwa akipika pombe yake nyuma ya nyumba na kunisimulia umbea wote wa mtaa, alichungulia dirishani akaona bereti inapita kando ya ua, akamwaga mtungi mzima kwenye mtaro. Alipogundua ni mimi, alisimama pale akiutazama mtaro kwa muda mrefu. Hajawahi kunisamehe, wala kunisimulia umbea tena.

Mama yangu, ambaye ana duka dogo la unga na sabuni, aliniangalia kwa fahari, akanipangusa vumbi begani, kisha akasema, "Umependeza sana. Lakini usisimame hapo mlangoni, customer wanapita tu." Nikaingia ndani nikakaa nyuma ya magunia, na wateja wakarudi.

Nitasema ukweli kwa kuwa hakuna anayenilazimisha: nilipenda. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunipisha njia. Ghafla watu wazima walikuwa wananipisha. Kichwa kilinivimba hadi bereti ikaanza kunibana.

Kule kazini mambo yaligeuka mara moja. Abiria walikaribia meza yetu kama watu waliosimamishwa barabarani na gari lina taa moja. Hawakutuambia chochote.

"Una kisu?"

"Hapana, afande."

Mashine inaonyesha kisu.

"Hiki ni nini?"

"Ai! Kumbe kiko hapo!"

Wengine walinipa kitambulisho ambacho ndani yake mlikuwa na noti ya mia mbili imekunjwa vizuri, bila neno, bila hata kunitazama, kwa mazoea tu ya barabarani. Nilikuwa nairudisha noti na mtu anashtuka zaidi, akidhani ni kidogo, anaanza kupapasa mfuko mwingine. Profesa mmoja mwenye miwani aliniapia kwa jina la Mungu kwamba chupa ya manukato haikuwa yake. Ilikuwa imeandikwa jina lake.

Mkubwa alifurahi sana. Ripoti zake kwa kampuni zilinenepa. Kila wiki tulikuwa tumenasa visu, mikasi, bisibisi, viberiti. Hakuna aliyemwambia kwamba tulikuwa tunanasa vitu ambavyo zamani tulikabidhiwa. Polisi hutafuta mtu aliyekosa. Sisi tulikuwa tunatafuta kitu kilichosahaulika mfukoni, na kwa kitu kama hicho msaidizi wako wa kwanza ni mwenye mfuko. Sasa mwenye mfuko tulikuwa tumemtia hofu akanyamaza, halafu tukapongezana kwa umakini.

Hayo yote ningeyacheka mpaka leo kama si yule mama wa Chepsaita.

Alikuja asubuhi ya Jumatano, kwa ndege ya kwanza ya Nairobi. Mwanamke mrefu, mwembamba, amevaa gauni la kanisani, koti zito na kitambaa kichwani, viatu vimepakwa rangi siku hiyohiyo. Nilimwona akiingia mlangoni na kikapu. Alitutazama sisi wanne tuliosimama mbele ya mashine na miguu yetu iliyopanuliwa. Akasimama. Akageuka akarudi upande wa vyoo. Kwa mafunzo yetu mapya, hiyo peke yake ilikuwa dalili. Mkubwa, aliyekuwa nyuma yangu, alinong'ona, "Huyo mwangalie."

Aliporudi, koti alikuwa amelifunga vifungo vyote na alitembea akiwa amejikunja kidogo tumboni. Kikapu kilipita kwenye mashine: kanga, Biblia, nusu ya mkate. Lango halikulia. Hapo zamani ningemwambia, "Safari njema, mama." Lakini mkubwa alikuwa ananipumulia kisogoni.

"Mama, simama hapo! Uko na kitu kwa nguo?"

"Hapana, afande." Alijibu akitazama buti zangu.

Nikampapasa. Chini ya mbavu, mkono wangu uligonga kitu kigumu, kirefu, kimefungwa kiunoni kwa leso.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo sikulisema kwenye ripoti. Nilisikia harufu. Wazazi wangu walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima na kufungua duka huku, lakini mimi nimezaliwa hapa. Harufu ya maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichopakwa majivu ya mkaa naijua tangu shule ya msingi, pale rafiki zangu walipokuwa wakinigawia. Ilikuwa mursik. Nilijua ni mursik kabla sijauondoa mkono. Na maziwa hayakuwa na kosa lolote. Katika safari za ndani ya nchi tuliyaruhusu kila siku, ilitosha kufungua na kunusa.

Lakini mkubwa alikuwa anatazama, na mimi nilikuwa nimevaa bereti.

"Mikono juu!" nikapiga kelele.

Hakuna aliyetufunza neno hilo, hata katika zile siku mbili za vyeti. Nililitoa kwenye sinema. Mama alinyoosha mikono yote miwili juu kabisa, na koti lilipoinuka kila mtu akaona uvimbe ule wa kibuyu. Mtu mmoja kwenye foleni alisema "Yesu!" Basi ikatosha. Abiria walikimbilia nje, mwingine na trei yetu mkononi. Mwenzangu aliyeheshimiwa na landlord alikuwa wa kwanza mlangoni. Mkubwa alijificha nyuma ya mashine ya eksirei akawa anatoa amri kutoka huko.

Tukaita polisi, wale wa kweli. Alikuja mmoja, mtu wa makamo, amevaa sweta juu ya sare, kikombe cha chai kiko mkononi bado. Alimtazama mama ambaye mikono yake ilikuwa ingali juu. Akaweka kikombe kwenye meza yetu, akamsalimia kwa lugha yake, akamshusha mikono mmoja mmoja kama anayemsaidia kuvua koti. Wakaongea kidogo. Mama akafungua leso mwenyewe. Polisi akazibua kibuyu, akanusa, akafumba macho.

"Nyinyi ni watu wa wapi?" alituuliza. "Hii ni mursik. Na imeiva."

Abiria waliokuwa wakichungulia mlangoni wakacheka, wengine wakapiga makofi. Polisi akachukua chai yake. "Mwacheni mama aende, ndege bado iko," alisema. Huyo ndiye mtu pekee aliyekuwa na bunduki asubuhi ile, na ndiye pekee ambaye hakuhitaji kuonekana kama polisi.

Mkubwa akatoka nyuma ya mashine akijirekebisha mshipi. "Hapana. Alificha. Mtu hafichi kitu kizuri. Lazima tuandike statement."

Polisi aliinua mabega akaondoka; kiwanja ndani ya kamba za ukaguzi kilikuwa chetu. Mimi ningeweza kufungua mdomo. Ningesema tu, "Mkubwa, nilinusa, nilijua ni maziwa." Maneno matano. Badala yake nilisimama mlangoni mwa kijichumba chetu, mikono nyuma, miguu imepanuliwa kiasi, huku mkubwa akijaza fomu kwa herufi kubwa. Jina. Kijiji. Namba ya kitambulisho. Mama alijibu akiitazama meza. Nje abiria wengine walikaguliwa upya haraka haraka, wakaanza kupanda.

"Sababu ya safari?"

"Kuona kijana wangu."

"Kumuona kwa nini?"

Hapo ndipo tulipojua. Mtoto wake wa mwisho alikuwa Nairobi akisubiri karatasi za kazi ya Uarabuni, kandarasi ya miaka mitatu. Walidhani ataondoka mwisho wa mwezi. Jana yake jioni aliambiwa ni kesho, na anatakiwa awe ndani ya uwanja wa Nairobi saa saba mchana. Akatafuta tikiti ya mama yake usiku uleule ili amwone. Nyumbani kwao hakuna mtoto aliyewahi kwenda mbali bila kunywa mursik kutoka kwa mkono wa mama kabla ya kuvuka mpaka. Ndugu zake wakubwa wote wanne walikunywa. Alibaki huyu.

"Ndege nyingine ni ya saa ngapi?" mama aliuliza.

"Saa tisa," mkubwa alisema bila kuinua kichwa. "Sahihi hapa."

Mama alikuwa anaandika jina lake polepole, herufi moja moja, wakati madirisha yalipoanza kutetemeka kwa mngurumo. Hakuinuka. Kalamu ilisimama tu, ikasubiri sauti ipite juu ya paa, kisha akamalizia jina.

Mkubwa alimrudishia kibuyu. Alimwambia yuko huru kwenda, na kwamba wakati mwingine awe mkweli kwa maofisa. Alisema hivyo kwa mama mwenye umri wa kumzaa.

Saa tano nilitoka kwa mapumziko ya chai. Ndani ya sare joto lilikuwa linanichoma, au ni aibu, sijui. Niliiacha bereti kabatini, nikavaa sweta yangu nyekundu juu ya shati, nikafungua nywele, nikaenda nyuma ya jengo kwenye benchi la wanaosubiri magari. Mama alikuwa amekaa hapo peke yake, kikapu miguuni. Nilitaka kugeuka. Aliniona.

"Kaa, mtoto wangu. Benchi ni kubwa."

Nikakaa. Alinitazama usoni, vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile, na hakunitambua hata kidogo. Alikuwa ameona buti, mshipi, na pengine mikono. Nilificha buti kwa kusukuma miguu chini ya benchi.

"Hao polisi bado wako huko ndani?" aliniuliza.

"Bado, mama."

"Nangoja jirani yangu, ni yeye alinileta na pickup. Amepeleka maziwa, atapitia hapa." Kisha, bila mimi kuuliza lolote, akanieleza kila kitu, kama watu walivyokuwa wakinieleza zamani. Kwamba kibuyu alikibeba ndani ya kikapu, wazi, juu kabisa, asipate shida kukitoa. Kwamba alipoingia akaona zile nguo. Kwamba miaka mingi iliyopita askari walikuja nyumbani kwake wakitafuta pombe ya mtu mwingine, na kwa kuwa hawakujua kipi ni kipi, walimwaga vibuyu vyake vyote uani, pamoja na vya watoto. "Basi nikaona nguo, nikarudi choo, nikaifunga hapa," alisema, akijipiga tumboni. "Niliona heri niifiche kuliko wamwage."

"Na kijana?" nikauliza.

"Amepiga simu. Nimemwambia ndege imeharibika." Alitazama barabara. "Nikimwambia wamenishika, ataacha safari aje kunitafuta hapa. Namjua. Alilia kidogo, lakini ataenda." Akakivuta kikapu karibu. "Miaka tatu ni mingi. Mimi nina sabini na nne."

Aliinama kwenye kikapu akatoa kibuyu, akakizibua, akamimina ndani ya kifuniko chake. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Hii siwezi kurudi nayo nyumbani, ilitolewa kwa sababu ya safari. Kunywa wewe. Na wewe ni mtoto wa mtu."

Nilitaka kukataa. Nilipokea kwa mikono miwili nikanywa. Ilikuwa chachu, nzito, na baridi.

"Wewe unafanya kazi hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Kazi gani?"

Mimi niliyefunzwa siku mbili jinsi ya kumtambua mwongo kwa macho nilimtazama machoni nikasema, "Ya usafi."

"Ni kazi nzuri hiyo," alisema, akanimiminia tena. "Basi ukiingia huko, uwaambie hao askari, mtu mwingine akikuja, wamuulize tu. Mimi wangeniuliza vizuri, ningewaambia."

Nikamwambia nitawaambia. Nikamrudishia kifuniko, nikaingia kwa mlango wa nyuma, asije akaniona navaa bereti.